Begi la picha lisilofika kilo moja: somo kwa tunaouza mtandaoni

Somo la leo linajibu swali ambalo naulizwa inboksi karibu kila wiki: "Dada, unatumia kamera gani? Na mimi nataka kununua." Nitajibu kwa majina na kwa gramu, ila naomba usome mpaka mwisho kabla hujatoa hela mfukoni, maana wengi wanaouliza hivi wanataka kugusa mtaji.

Kwa wageni wa ukurasa: mimi nipo Ushongo, wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga. Nauza mikeka na vikapu vya ukindu, makawa, na mafuta ya nazi. Wateja wangu wengi wako Dar na Arusha, hawajawahi kufika huku. Kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni picha. Na picha zinazoniuzia kuliko zote sijazipiga mezani kwenye kitambaa cheupe. Ni zile za njiani: bibi anasuka barazani, kijana yuko juu ya mnazi, ngalawa inarudi asubuhi na kina mama wameshafika na beseni zao. Wapiga picha wanaziita picha za mtaani. Huku kwetu mtaa wenyewe ni mchanga na minazi, lakini kazi ni ileile: unatembea, unaona, unapiga, hakuna anayekupangia.

Kazi hiyo inataka mzigo mwepesi. Na si mawazo yangu tu. Kamera ndogo ya mkononi ina historia yake. Oskar Barnack alikuwa fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alikuwa na pumu, na kamera za zama zake zilikuwa masanduku mazito ya kubeba na stendi yake. Akaunda kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na mwaka 1925 ikaingia sokoni kwa jina la Leica. Picha za mtaani kama tunavyozijua zilianzia hapo, kwa mtu aliyechoka kubeba. Na huku kwetu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, yule ambaye baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliitikisa dunia, alianza na Box Brownie. Kiboksi kile, lenzi moja na kitufe.

Sasa tupige hesabu ya uzito, maana watu hawaipigi. Kijana akisema "kamera ya kikazi" anawaza Canon 5D Mark III na lenzi mbili kubwa. Mwili wa kamera ile pamoja na betri ni gramu 950. Lenzi ya 24-70 f/2.8 ya toleo la pili ni gramu 805. Ile ndefu ya 70-200 f/2.8, toleo la pili pia, ni gramu 1,490. Hapo umefika kilo tatu na robo, bado chaja, bado begi lenyewe. Ushuke nayo kivukoni Pangani, uvuke mto mpaka Bweni, upande bodaboda, halafu uanze kutembea kwenye mchanga. Siku ya tatu utaiacha nyumbani. Na kamera iliyoko nyumbani haipigi picha, tutabaki na picha za simu zilezile.

Kwa hiyo nianze na simu zilezile.

Kama simu yako ina miaka mitatu minne na kamera yake ya nyuma inafanya kazi, begi lako la kwanza unalo tayari. Ongeza kitambaa laini cha miwani, pawabenki ndogo, na kipande cha manila nyeupe ukubwa wa daftari. Basi. Kabla ya kila picha futa kioo cha kamera, maana kwa hewa ya bahari na mikono ya mafuta ya nazi kinafunga ukungu usiouona kwenye skrini, na picha inatoka kama imepigwa ndani ya moshi. Usivute kwa vidole ili kukuza. Sogea kwa miguu. Zima kile kinachosafisha sura, kinafuta hata nyuzi za ukindu. Gusa skrini kwenye kitu unachouza, shikilia mpaka simu ikwambie imefunga, kisha shusha mwanga kidogo kwa kidole. Simu nyingi jua la pwani linazizidi, mchanga unakuwa karatasi nyeupe tupu. Ukishusha kidogo, mchanga unarudi kuwa mchanga.

Ile manila ina kazi mbili. Ya kwanza ni kurudisha mwanga upande wenye kivuli. Ya pili, ambayo inaokoa pesa, ni rangi. Chini ya minazi mwanga unapita kwenye majani na unakuja na ukijani. Kivulini pembeni ya nyumba unakuja na ubluu. Mkeka wako wa zambarau unaonekana wa bluu, mteja analipa, mzigo unafika, anasema "siyo huu". Nauli ya kurudisha ni yako. Weka manila pembeni ya bidhaa, piga picha moja ya kumbukumbu, halafu ukihariri rekebisha mpaka ile manila iwe nyeupe kweli. Picha nyingine zote za eneo lile zipe marekebisho yaleyale.

Nani basi anunue kamera? Aliyeona mwenyewe pale simu inapomwangusha: picha za alfajiri zinatoka na chenga, watu wanaotembea wanatoka na ukungu, au anataka kuchapisha bango. Na anunue kwa faida iliyokwisha kutoka, si kwa hela ya mikeka ya mwezi ujao. Kamera haiwezi kupiga picha mkeka ambao hukuununua.

Ukifika hapo, jibu langu ni hili. Canon EOS 100D iliyotumika, na lenzi moja tu, EF-S 24mm f/2.8, ile nyembamba wanayoifananisha na chapati. Kamera ilitoka mwaka 2013, ikiwa ndogo kuliko ndugu zake wote wa aina yake; na betri yake ina gramu 407. Lenzi ni gramu 125. Jumla 532. Weka betri ya akiba, simu, pawabenki ndogo na kitambaa, bado hujafika kilo moja, ni chini ya pakiti ya sukari. Wapo watakaosema ni ya zamani. Ni kweli. Megapikseli 18 zinatosha bango la dukani, sembuse stetasi.

Wapo pia wanaoulizia Ricoh GR III. Ni nzuri mno, gramu 257 na betri ndani, inaingia mfuko wa suruali. Lakini haijazibwa kuzuia vumbi wala maji, na lenzi yake inatoka na kuingia. Kwa mchanga wa huku mimi siithubutu. Mtu wa mjini afikirie.

Kwa nini lenzi ya 24 na si ile 50mm f/1.8 ambayo kila mtu anashauriwa anunue? Kwa sababu kihisi cha kamera hizi ni kidogo, kinakata pembeni. Ile 50 inakuwa kama 80, inabidi urudi nyuma. Jaribu kurudi nyuma kwenye uchochoro wa sokoni Pangani, utajikuta umekanyaga beseni la dagaa la mtu. Ile 24 inakuwa kama 38, karibu na jicho linavyoona: unampata bibi, mikono yake, mkeka wake na kipande cha ukuta wa nyumba yake. Mteja anaona kitu kimetoka mahali. Ya 50 ni nzuri kwa sura za watu, hilo silikatai, ila si lenzi ya kwanza. Na ukiwa na lenzi moja kuna faida nyingine kubwa kwetu wa pwani: huifungui. Kila ukifungua lenzi ufukweni unaukaribisha mchanga ndani ya kamera.

Ukikagua kamera ya mtumba, usiangalie usafi wa nje. Nenda na tochi ya simu. Ondoa lenzi, imulike kutoka nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona utando kama wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni fangasi ya unyevu. Iache hata ukipunguziwa nusu. Rudisha lenzi, funga tundu mpaka f/16, piga picha ya anga tupu, ikuze kwenye skrini. Madoa madogo meusi ni vumbi, linasafishika. Mstari au doa lenye kingo kali lisilohama ni mkwaruzo. Fungua mlango wa betri uone kama kuna kutu ya kijani kwenye vile vishikizo vya chuma. Kamera iliyowahi kunywa maji ya chumvi huwa inajisema hapo. Piga picha ishirini za haraka mfululizo, sikiliza kama shata inakwama. Muuzaji akikuharakisha, muage.

Sasa mwanga. Ufukwe wa Ushongo unatazama mashariki. Maana yake jua linatoka baharini na asubuhi linampiga usoni kila anayetazama maji. Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili ni saa zangu: mwanga uko chini, una joto, na ndio muda ngalawa zinarudi. Jioni jua linazamia nyuma ya minazi, ufukwe unaingia kivulini mapema kuliko unavyodhani, mwanga unakuwa laini, mzuri kwa sura na kwa nguo. Mchana sipigi watu. Sisi tuko kama nyuzi tano na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakaa utosini kabisa. Macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Saa hizo naingia barazani, chini ya makuti, napiga mikono ikisuka.

Mipangilio ya kamera, kwa wale wanaogopa vitufe. Jua likiwa wazi: ISO 200, tundu f/8, shata 1/800. Kivuli kilicho wazi: ISO 1600, hayo mengine usiguse. Halafu zima fokasi ya kujiendesha, weka umbali wa mita tatu kwa kulenga kitu kilicho mita tatu, na uache hapo. Kwa lenzi ya 24 kwenye f/8, kila kilichoko kuanzia kama mita moja na robo tatu mpaka zaidi ya mita kumi kitatoka kimekaa sawa. Huhitaji tena kusubiri kamera itafute. Unainua, unapiga, unashusha. Mvuvi anayerusha kamba haongojei. Kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya picha 4,000 za kawaida za kamera hii, kwa hiyo usinunue kubwa. Nunua mbili ndogo, moja ikiharibika usikose kazi yote.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo biashara inapoweza kuvunjika. Kamera ndogo inakupa uwezo wa kupiga watu bila wao kujua. Mzungu mtalii anaweza kufanya hivyo akapanda gari akaondoka. Wewe utakutana na mtu yuleyule kesho kisimani. Na wewe unapiga kwa ajili ya kuuza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Mimi naanza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Waendeleaje?"

"Salama bibi. Naomba nikupige picha ukisuka, niiweke kwenye simu wateja waone mkeka unavyotoka. Ni ya biashara."

Siku moja bibi mmoja, ambaye nanunua kwake siku nyingi, akanijibu huku hajainua macho kwenye ukili wake: "Haya. Na mimi napata nini?"

Ni swali la haki. Tulikaa tukaongea. Uso hakutaka, akasema wanawe wako mjini wasije wakaona mama yao anatangazwa. Mikono akakubali. Tukapatana kwamba mkeka wowote wake ninaouza kwa picha ya mikono yake, namwongezea juu ya bei ya kawaida, na picha moja nimsafishie Tanga mjini niilete kwa karatasi. Ile picha ya mikono ndiyo ninayoitumia mpaka leo kuliko zote. Mishipa, pete ya fedha, vidole vimeingia rangi ya ukindu. Mteja wa Arusha alinitumia ujumbe akiulizia "ule wa bibi mwenye pete". Sijawahi kupata swali kama hilo kwa picha ya mkeka juu ya shuka jeupe.

Wavuvi ni habari nyingine. Wao hawana shida na picha, tena watakuitia: "Dada, na mimi nipige!" Tatizo ni kilichomo kwenye picha. Angalia nyavu. Kokoro limepigwa marufuku, na picha yako nzuri yenye uso wa mtu na nyavu zake inaweza kuwa ushahidi kabla haijawa tangazo. Mimi hiyo siipigi wala siiposti. Sitaki kutangaza biashara yangu kwa uvuvi unaomaliza samaki, na sitaki kuwa sababu ya mtu kukamatwa kwa sababu ya stetasi yangu. Uliza kwanza, tazama chomboni, ndipo uinue kamera. Watoto: mzazi aseme ndiyo, na mimi huwa nachagua picha wanayoonekana kwa mgongo wakikimbilia maji. Vituo vya polisi, askari na kambi za jeshi, weka kamera kwenye kikapu upite.

Na kasa. Wenye bidhaa za wageni mnajua, mayai ya kasa wanaotagia kisiwa cha Maziwe huhamishiwa ufukweni Ushongo kwa sababu kisiwa kinafunikwa na maji, na vifaranga wakianguliwa watu wanakuja kutazama. Ni siku nzuri ya kuuza vikapu. Lakini flashi hapana, wala tochi ya simu. Kifaranga anafuata mwanga kwenda baharini, ukimmulika unampoteza njia. Ongeza ISO, kubali chenga, au usipige.

Begi lenyewe: mimi natumia kikapu changu mwenyewe cha ukindu. Ndani natandika kanga iliyokunjwa mara nne, kamera imo ndani ya mfuko wa nailoni wa zipu, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Hakuna anayejua nimebeba nini, iwe kivukoni, iwe stendi ya Tanga. Na mara mbili tatu abiria ameniuliza bei ya kikapu, siyo ya kamera.

Kusi likivuma, chumvi inapanda mpaka barazani. Kila jioni, hata kama sikupiga picha moja, nafuta mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa sana, halafu kikavu. Kioo cha lenzi nakipuliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo nifute. Ukifuta mchanga unauburuza, unachora kioo. Mbele ya lenzi nimefunga filta ya kioo isiyo na rangi, ikichorwa natupa filta. Kamera hailali kwenye begi lililofungwa, inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko na vipakiti vipya. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, ni kuingiza unga na vumbi kwenye vitufe.

Kutuma. WhatsApp inabana picha, nyuzi za ukindu zinayeyuka. Kwa mteja anayetaka kuona karibu, chagua HD, au tuma kama dokumenti. Kwa Instagram kata mraba, au ndefu kidogo kwenda juu, nne kwa tano, inachukua nafasi kubwa kwenye skrini yake. Ya stetasi piga simu au kamera ikiwa wima tangu mwanzo, usikate baadaye. Picha tatu kwa bidhaa moja zinatosha: inapotengenezwa, ilivyo nzima, na karibu kabisa ikiwa na mkono wa mtu kwa ajili ya kipimo. Andika sentimita pia, mikono haifanani.

Wanaoulizia drooni: inahitaji usajili na kibali, anzeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla hamjanunua. Mimi sina na siihitaji, nyumba za wasukaji hazionekani kutoka juu, zimefunikwa na minazi.